Baada ya Kuanua Matanga

Juma hili twende Majengo, mjini Mpanda. Mtu akifiwa huko, turubai hufungwa uani, wanaume hukoka moto nje na kulala papo hapo, wanawake huja na sufuria zao, na mwenye mwandiko mzuri hukabidhiwa daftari la rambirambi. Jumuiya ya Kikristo ya mtaa huja na sala zake za jioni. Majirani Waislamu nao huketi mkekani pamoja na wengine, wala hakuna amwulizaye mwenziwe dini yake wakati wa kubeba jeneza. Kwa hayo watu wa Majengo hawahitaji mwalimu.

Jumuiya hizo ndogo ndogo si jambo la jana. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizikubali kuwa msingi wa kazi yao tangu miaka ya 1970, na Jimbo la Mpanda, lililomegwa kutoka Sumbawanga mwaka 2000, lilizaliwa zikiwa zimekwisha kuzoeleka. Jimbo hilo lenyewe limepata kuonja ufiwa: mwaka 2012 lilimzika askofu wake wa kwanza, Pascal Kikoti.

Lakini mimi nina neno, na huenda litawaudhi wazee wa kanisa. Tumfikirie mama aliyefiwa na mumewe. Siku tatu nyumba imejaa watu hata hapati nafasi ya kulia. Siku ya nne matanga yanaanuliwa, turubai linarudishwa, na ndugu waliokuja kwa gari moshi kutoka Tabora wanarejea makwao. Jioni ile anapika chakula kingi kupita kiasi, kwani mkono wake bado unampimia yule asiyekuwapo. Ni nani aliye pale mlangoni? Uchungu wenyewe ndiyo kwanza unaanza, nasi tumekwisha kukunja mikeka.

Pia yako maneno yetu. Tunamwambia asilie, eti atamkufuru Mungu. Au kwamba Mungu amempenda marehemu zaidi. Je, yeye hakumpenda? Yesu mwenyewe alitoa machozi kaburini kwa Lazaro. Nao rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kunena neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Kisha huja kikao cha ukoo, na hapa ndipo wengi wetu hunyamaza wakati usiofaa. Shemeji anauliza habari za shamba, mwingine anataka baiskeli na funguo za nyumba. Jumuiya iliyoimba kwa sauti kubwa makaburini husema hayo ni mambo ya ndani ya familia. Sikubali. Yafaa watu wawili wenye kujua kusoma wamsindikize mama huyo kutafuta cheti cha kifo, ambacho hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kisha waende naye mahakamani kufungua mirathi. Ndugu wengi hawajui, au hujifanya hawajui, kwamba mjane mwenyewe aweza kuomba kuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe. Wasio na cheti wala msindikizaji ndio wanaoamka asubuhi na kukuta bati limeng'olewa.

Basi nawaomba wenyeviti wa jumuiya wasilifunge daftari lile la rambirambi siku ya kuanua matanga. Ukurasa unaofuata waandike zamu: nani atakwenda juma la pili, nani mwezi wa tatu, nani atakuwa na mama yule siku watoto watakapofungua shule na ada haipo. Aendaye asiende na hotuba. Achukue kibaba cha unga, aketi jikoni, na mama akianza kumtaja marehemu kwa jina, asimkatize.