Komoro Haikuponzwa na Uhuru



Kuna maneno yanazunguka kwenye simu: eti tazameni Komoro, walililia uhuru, sasa wanafia baharini wakikimbilia Maore, kisiwa kilichobaki na Mfaransa. Usiyameze hivi hivi. Wangazija ni damu yetu, wako Mombasa na Lamu tangu enzi za mababu.

Desemba 1974 walipiga kura. Kwa jumla karibu asilimia 95 walitaka uhuru. Ni Maore tu ambako wengi walikataa. Bunge la Ufaransa likageuza kibao: katiba ipitishwe kisiwa kwa kisiwa. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah akatangaza uhuru bila kungoja. Paris ikafanya nini? Ikakata msaada, ikaondoa watu wake, ikakaa na Maore. Na bajeti ilikuwa inatoka huko huko Paris! Mashamba mazuri ya vanila na ilangilangi yalikuwa mikononi mwa makampuni ya kikoloni, mchele wa kula unaletwa na meli. Mtu anakufunga kamba miaka yote, siku moja anaikata, ukianguka anasema si nilikwambia?

Hatusemi uhuru hauna hatari. Unayo, tena kubwa. Na viongozi wao hawana pa kujificha: mwezi haukwisha, Abdallah akapinduliwa. Mwaka 1978 akarudishwa na mamluki wa Kifaransa, Bob Denard. Hata leo faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, 492 hivi kwa yuro 1, na sehemu ya akiba ya nchi inawekwa kwenye hazina ya Ufaransa. Bendera yao, ufunguo wa kasha uko kwa mwingine.

Haya, na hiyo Maore ya kusifiwa? Zaidi ya robo tatu ya watu wake wako chini ya kiwango cha umaskini cha Ufaransa. Mwaka 2023 ilifika mahali maji ya bomba yanatoka siku moja katika tatu. Hizo ndizo neema za kubaki?

Zamani mtu wa Nzwani alivuka kwenda Maore, kilomita 70 tu, akamwona khaloo yake akarudi. Hakuombwa viza. Viza ilikuja 1995, na ndipo watu wakaanza kujazana usiku kwenye vile viboti vya kwasa-kwasa. Basi akikutumia tena picha ya boti iliyozama, muulize viza hiyo iliwekwa na nani.