Ngitili ya Mama Si Viwanja

Mwezi Juni kaka zangu waliitisha kikao cha familia nyumbani kwetu, nje kidogo ya Maganzo, chini ya mkwaju ambapo mama alizoea kuketi akikata viazi vya michembe. Ajenda ilikuwa moja. Dalali alikuwa amempata mteja wa ngitili ya mama, ekari tano, na mteja huyo alitaka jibu kabla ya Jumamosi ili aikate viwanja. Kaka mkubwa aliyaeleza hayo akiwa amesimama, kisha akaketi, na wanaume wakaanza kujadili bei.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, na kwa miaka 26 nimewashonea watu wa Maganzo sare za shule na magauni ya harusi. Siku ile niliitwa kuja kusaidia kupika. Nilipowasikia wametaja bei ya tatu, niliweka mwiko chini, nikavuta kigoda, nikaketi nao. Naandika haya kwa sababu najua vikao kama kile vinafanyika leo katika kaya nyingi za wilaya yetu ya Kishapu, na katika vingi wanawake wanabaki jikoni.

Kwa asiyeifahamu, ngitili ni eneo la majani na miti ambalo Msukuma hulifunga mvua zinapoanza. Mifugo haiingii, shoka haliingii. Hufunguliwa kiangazi kikishakaza, Agosti au Septemba, wakati udongo mweusi wa mbuga umepasuka nyufa za kumeza mguu na malisho ya nje yamebaki vumbi. Mama alifuata utaratibu ambao hakuna mtoto aliyethubutu kuuvunja. Walitangulia maksai, ili mvua ya kwanza iwakute na nguvu za kuvuta jembe. Wakafuata ng'ombe wenye ndama na waliodhoofu. Wenye afya nzuri waliendelea kutafuta malisho ya mbali pamoja na wachungaji. Kuni zilikuwa matawi makavu tu. Majani ya kuezekea yalikatwa kwa siku iliyopangwa, na mwenye mgonjwa aliruhusiwa kuingia kuchimba mizizi ya dawa wakati wowote, hata usiku.

Msafiri anayepita Maganzo kwa basi haoni hayo. Huona maduka, bodaboda, akina mama wenye mabeseni ya karanga, na kwa mbali vilima vya kijivu ambavyo havikuumbwa na Mungu: ni mchanga na mawe yaliyokwisha kuchekechwa katika mgodi wa Mwadui. Kisha husema, "Hapa ndipo kwenye almasi." Ni kweli. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, na mwamba aliouchimba ni miongoni mwa miamba mikubwa ya almasi duniani. Mwaka 1947 lilitoka hapo jiwe la rangi ya waridi, karati 54 na nusu, ambalo Williamson alimpa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kuwa zawadi ya harusi. Lilipokatwa lilibaki karati 23.6, likatiwa katikati ya ua la kuvaa kifuani, naye alilivaa miaka mingi akiwa malkia.

Siisemi almasi kwa ubaya. Baba yangu alikuwa fundi bomba Mwadui kwa miaka 19, na mshahara wake ndio ulioninunulia daftari la kwanza. Lakini kazi ya baba ilipokwisha, mshahara ulikwisha siku hiyohiyo. Kilichotulea baada ya hapo ni ng'ombe wanane, shamba la pamba, na zile ekari tano. Jiwe likishachimbwa halioti tena. Jani la ngitili limeota kila masika tangu nikiwa msichana, na halijawahi kutuuliza bei yake huko Ulaya imepanda au imeshuka.

Nakumbuka pia wakati ambapo hapakuwa na ngitili. Nilizaliwa mwaka 1971, na katika utoto wangu nchi hii ilikuwa uwanja mtupu. Wazee walitueleza ilivyofikia hapo. Kwanza serikali ya kikoloni iliamuru vichaka vifyekwe ili kufukuza mbung'o. Ikaja pamba, kila familia ikapanua shamba. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kwenye makazi mapya, na ngitili walizoziacha nyuma zikakosa mwenyewe. Kila aliyepita alikata. Mimi na dada zangu tulikuwa tukiondoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua la saa nane, na siku nyingi tulirudi na mabua ya pamba. Mama alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, samadi ambayo ilistahili kwenda shambani. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa wetu katikati ya miaka ya 1980, hali ilimhuzunisha, na Shinyanga ikawa inatajwa kama jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Kwetu bwana misitu alifika mwaka 1988. Mama alitarajia apewe miche. Bwana misitu akapiga magoti, akafukua ardhi kwa kidole, akamwonyesha kisiki cha mgunga kilichokuwa bado hai chini ya udongo. Akamwambia, "Mayu, msitu wako upo. Wewe ufungie tu." Mama akapanda minyaa kuzunguka ekari zile tano, akafunga. Miaka mitatu baadaye tulikuwa na majani yanayofika kiunoni. Miaka sita baadaye migunga ilikuwa na kivuli, nyuki wakarudi, na mimi nikaacha kwenda kuni za alfajiri.

Haikuwa kwetu tu. Mradi huo ulipofika kikomo mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliitunuku kazi hiyo Tuzo ya Equator. Watu walitoka nchi za mbali kuja kujifunza, na walichojifunza ni jambo ambalo bibi zetu walikuwa nalo kabla ya mkoloni. Waliovunja masharti ya ngitili walihukumiwa na dagashida, baraza la kimila, sungusungu, walinzi wa jadi, walilinda, faini ikalipwa kwa mbuzi au ng'ombe. Ngitili zilisimama kwa sababu kijiji kizima kilikubaliana kwamba zisimame.

Leo makubaliano hayo yanavunjwa kimyakimya, kiwanja kimoja baada ya kingine. Miti inatangulia kuondoka kwa magunia ya mkaa, kisha vigingi vinafuata. Maganzo inakua, na mji unaokua unahitaji nyumba, hilo silibishi. Silibishi pia shida za wauzaji. Kaka yangu wa pili ana binti aliyechaguliwa kwenda chuo, na ada haingoji. Alipoeleza hilo kikaoni sauti ilimkatika, na hakuna aliyemcheka. Familia inayouza ngitili mara nyingi haina tamaa. Ina mgonjwa, ina mwanafunzi, ina deni la pembejeo.

Swali langu kwa kaka zangu lilikuwa hili: baada ya Jumamosi, Septemba ng'ombe watakula wapi? Tukianza kununua pumba, zitatoka fedha gani? Maksai wakidhoofu, nani atalima Novemba? Na kuni atazifuata nani? Waliokuwa wakijadili bei hawajawahi kubeba kuni za ile ngitili hata siku moja. Wala hawajaezeka kwa majani yake wakajua yanatosha nyumba ngapi. Mnunuzi alikuwa amepigiwa hesabu ya ardhi. Hesabu ya maisha yaliyo juu ya ardhi haikuwa imepigwa, kwa sababu wanaoijua hawakuulizwa.

Ardhi ikishaondoka, hairudi upesi. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafunika nyumba na mashamba katika vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze. Nilikwenda kumpa pole mteja wangu mmoja. Alinionyesha kwa mkono mahali palipokuwa na choroko, na nilichoona ni kijivu kitupu mpaka mwisho wa macho. Yeye hakuchagua kupoteza shamba lake. Sisi tunaouza ngitili tunachagua, kwa sahihi zetu wenyewe.

Nilipata kusoma habari za kisiwa kidogo cha Uskoti kiitwacho Eigg. Wanakijiji wa huko, watu wasiofika hata 100, waliishi vizazi vingi juu ya ardhi ya mtu mmoja, na ardhi hiyo iliuzwa kutoka tajiri hadi tajiri pamoja na malisho yao na miti yao. Mwaka 1997, baada ya kuchangisha fedha kwa maelfu ya watu na kushirikiana na halmashauri yao pamoja na chama cha wahifadhi, wakakinunua kisiwa. Miaka yote ile walihangaika ili wapate kile ambacho mwanakijiji wa Kishapu amezaliwa nacho: kauli juu ya ardhi anayoikanyaga. Nasi tunakiachia kwa dalali ndani ya siku tano.

Sheria haijatuacha mikono mitupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imekipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake kupitia mkutano mkuu na halmashauri ya kijiji. Kijiji kinaweza kuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi na kuonyesha humo kila ngitili, ya kaya na ya pamoja, kwa mipaka inayojulikana. Kinaweza kutunga sheria ndogo. Familia inaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na majina ya wanawake yakaandikwa humo. Naomba vijiji vyote vinavyoizunguka Maganzo vifanye hivyo kabla mji haujavifikia, na viwanja vipimwe kwanza pale palipo peupe, ambapo hakuna kisiki hai. Na naomba sharti moja zaidi: ngitili ya kaya isiuzwe mpaka wanawake wa kaya hiyo wameketi kwenye kikao na kusikilizwa, wake na mabinti, pamoja na binti aliyeolewa anayerudi kuchimba dawa ya mwanawe.

Kikao chetu kilikwenda mpaka jioni. Mwishowe kaka mkubwa alimgeukia mdogo wake akasema, "Tuuze ng'ombe, tusiuze kinachowalisha." Tukauza maksai wawili wazee mnadani, mimi nikaongeza fedha ya sare za Julai, na binti akaenda chuo. Dalali alipiga simu Ijumaa. Kaka akamjibu kwamba mama hajakubali. Mama amelala kaburini mwaka wa saba sasa, upande wa mashariki wa ngitili, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba kaka amedanganya.

Septemba tutaifungua. Maksai waliobaki watatangulia.