Muravumba si Ushenzi, Lakini si Muujiza

Sisi wa Uvira, tangu Kavimvira mpaka Makobola, tunajua muravumba. Bamama wanaupanda kwa lupango. Mtu akikohoa, wanachemsha majani na kumfukiza chini ya blanketi. Sasa kuna wenye kusema: huo ni ushenzi wa wazee. Tunakataa!

Harufu ile ni mafuta, nayo yanapaa pamoja na mvuke. Ndiyo maana mama anafunika chungu. Akikiacha wazi, dawa inapotea hewani. Mwenye kupika kanyanga anaelewa jambo hilo bila shule. Ndani ya mafuta hayo wanasayansi wamekuta terpineoli na fenkoni. Kule Butare, Rwanda, miaka ya 1980, Luc Van Puyvelde na wenzake walitoa katika majani kitu kinachozuia vijidudu. Mwaka 1997 watafiti wa Afrika ya Kusini walionyesha kwamba mafuta yake yanapunguza nguvu ya kijidudu cha malaria ndani ya chupa ya labo.

Lakini chupa si mwili wa mtoto. Kwa hiyo tunawapinga pia wauzaji wa soko wanaosema muravumba unaponyesha kila kitu. Kila mmoja ana kipimo chake, na kupita kiasi kunaweza kudhuru. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza!

Nanyi wasomi wetu, Lwiro tuko nayo hapa hapa Kivu ya Kusini. Ketini na bamama, andikeni wanachojua, kabla hawajaenda nacho kaburini.