Usizibe pumzi ya tuyo

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba: harufu ya mayai mabovu ikitoka chini ya evie, wengi wanafunga kitambaa na plastiki juu ya klape ya hewa, kile kifuniko kidogo kinachosimama kwenye tuyo. Sisi tunasema hapana, hata kama harufu inapungua siku ile.

Maji yakishuka kwa nguvu, klape inafunguka na kuingiza hewa. Yakiisha kupita, mpira wake unaanguka na kufunga. Ukiiziba, maji yanayoshuka yatanyonya yale yanayobaki ndani ya sifoni, ile tuyo iliyopindika. Na maji hayo ndiyo mlango unaozuia gazi ya mfereji wa uchafu. Gazi hiyo ikizidi sana, pua haisikii tena harufu. Mgodini tunaogopa gazi. Mbona nyumbani tunaifungulia?

Kwanza mwaga maji: evie isiyotumika majuma mengi, sifoni yake inakauka tu. Harufu ikirudi, angalia mpira. Umechakaa? Weka klape mpya ya kipimo kilekile, isimame wima, sentimita 10 angalau juu ya tuyo inayotoka kwenye sifoni. Usiifungie ndani ya ukuta: inahitaji hewa, na siku moja itahitaji mkono wa fundi.