Nani apime thamani ya mwaka wa mgonjwa?

SHERIA ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imelipa uzito mpya swali la zamani: fedha zikiwa haba, ni tiba ipi mpya ilipiwe na ipi iachwe?

Wachumi wa afya hulijibu swali hilo kwa hesabu. Mwaka mmoja wa afya kamili hupewa alama 1, kifo alama 0, na maradhi hupangwa katikati. Mathalani, mgonjwa anayeishi miaka 10 katika hali yenye alama 0.6 huhesabiwa kuwa amepata miaka sita ya afya kamili. Dawa mpya ikiipandisha alama hiyo hadi 0.8, miaka hufikia minane. Gharama ya ziada ya dawa hiyo ikigawanywa kwa miaka miwili iliyoongezeka, hupatikana bei ya kila mwaka, nayo hulinganishwa na ile ya tiba nyingine.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Utata uko katika alama: ni nani anayezitoa?

Dodoso mashuhuri la Marekani lenye maswali 36, liitwalo SF-36, humuuliza mhojiwa iwapo afya yake inamzuia kucheza gofu, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kupanda ngazi za ghorofa kadhaa. Mama lishe wa Tandale, Kinondoni, au wa Mbagala, Temeke, hana ghorofa wala mashine hiyo. Kwake afya ni kujitwika ndoo ya maji, kusimama ndani ya daladala iliyojaa na kukaa jikoni tangu alfajiri. Maumivu ya mgongo ambayo karani huyavumilia kitini, kwake ni kukosa riziki ya siku.

Juhudi za kurekebisha kasoro hiyo zimekwishafanyika. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya SF-36 ya Kiswahili miongoni mwa wakazi wa Dar es Salaam. Mwaka 2012, utafiti wa kimataifa kuhusu mzigo wa maradhi ulitoa alama zilizotokana na majibu ya watu zaidi ya 30,000, Watanzania wakiwamo. Awali kazi hiyo ilikuwa ya majopo ya wataalamu wa afya. Zimbabwe nayo ilipata alama zake mwaka 2003 kutoka kwa wakazi wa Harare.

Funzo ni kwamba kutafsiri maswali pekee hakutoshi. Aidha, kuna mtego wa mazoea: mhoji akibisha hodi na kuuliza hali, hata mgonjwa hujibu "sijambo". Aliyezoea maumivu huyataja kwa upole, na hesabu ikamwona mzima kuliko alivyo, hivyo tiba yake ikaonekana haina faida kubwa. Ndiyo maana yafaa aulizwe kazi anazoshindwa kuzifanya, si anavyojisikia tu.

Orodha ya tiba za bima ikipangwa kwa alama za ughaibuni, wakazi wa Mbagala na Tandale watakuwa wameamuliwa bila kusikilizwa. Gharama ya kuwahoji ni ndogo kuliko ya kulipia tiba isiyowafaa, au kuwanyima ile ambayo ingewarejesha kazini.