Ukimfungia Mtu Ndani, Atakula Nini?

Ndugu msomaji, fikiri kwamba leo saa mbili usiku redio inatangaza: kuanzia saa sita usiku huu mtu yeyote asitoke nyumbani kwake kwa siku 21. Je, nyumbani una unga wa siku ngapi?

Jambo hilo liliwapata watu wa India tarehe 24 Machi, 2020. Wakati huo ugonjwa wa korona ulikuwa unaenea duniani. Watu huambukizana wanapokuwa karibu karibu, kwa hiyo nchi nyingi ziliamuru watu wakae ndani. China ilitangulia. Mji wake wa Wuhan, wenye watu wapatao milioni 11, ulifungwa kwa siku 76. Amri kama hiyo ina maana, nakubali. Watu wasipokutana, ugonjwa hukosa njia. Uswidi haikufungia watu wake ndani, na wazee wengi walikufa katika nyumba za kutunzia wazee.

Lakini anayefunga mlango lazima kwanza aulize kuhusu chakula. Kule India watu walipewa muda wa saa nne tu kujitayarisha. Treni na mabasi yakasimama, na kazi zikafungwa. Mijini walikuwako mamilioni ya vibarua kutoka vijijini, ambao hula leo walichopata leo. Serikali iliahidi nafaka ya bure, kilo 5 kwa kila mtu kwa mwezi. Kumbe kadi za mgao za wengi wao zilikuwa zimeandikishwa vijijini kwao! Wakaanza kurudi makwao kwa miguu, mamia ya kilomita, wamebeba watoto. Tarehe 8 Mei, vibarua 16 waliolala juu ya reli kwa uchovu walikanyagwa na treni ya mizigo, wakafa. Korona haikuwagusa.

Jirani zetu wa Rwanda nao walifungiwa ndani mwezi ule ule wa Machi. Lakini baada ya siku chache viongozi walipita katika mitaa ya Kigali wakiwagawia maskini mchele, maharage na unga. Sidai kwamba kilitosha kila nyumba. New Zealand iliwapa waajiri fedha ili wafanyakazi waliokaa nyumbani walipwe. Utasema hiyo ni nchi tajiri. Ni kweli, lakini India nayo maghala yake ya serikali yalikuwa yamejaa nafaka. Haikukosa chakula, ilikosa kufikiri mapema.

Kuna jambo jingine ambalo mimi, kama mtu wa elimu, linaniuma zaidi. Uganda ilifunga shule mwezi Machi, 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa mpaka Januari, 2022. Ni karibu miaka miwili. Masoko yalifunguliwa kabla ya madarasa hayo. Shule zilipofunguliwa, watoto wengine hawakurudi. Wasichana wengine walikuwa wamekwisha kuwa mama, wavulana wengine walikuwa vibarua. Wewe uliyeanza kisomo ukiwa mtu mzima, wajua ilivyo kazi kurudi kushika kalamu.