Ukali si Ladha

Wako waonjaji ambao, wakiletewa bilauri ya bia nyeusi, huuliza kwanza ina kileo asilimia ngapi. Wakiambiwa kumi na mbili, huinamisha vichwa kwa heshima. Wakiambiwa nne, huiweka kando kama barua isiyo yao. Watu hao siwaiti wajuzi. Apimaye bia kwa nguvu ya ulevi wake hana tofauti na apimaye shairi kwa idadi ya beti zake.

Hoja yao ya kwanza ni nasaba. Bia nyeusi kali kupita zote kwa sifa, ambayo Waingereza huiita Imperial Stout, ilipikwa London katika karne ya 18 ikapelekwa Urusi, hata katika jumba la Malkia Catherine wa Pili. Kiwanda cha Southwark, kilichonunuliwa na akina Barclay na Perkins mwaka 1781, kilivuma kwa kinywaji hicho. Hayo ni kweli. Walakini heshima ya mnywaji wa jana haimwondolei mwonjaji wa leo wajibu wa kuonja. Taji lilikuwa kichwani mwa Malkia. Halikuwa ndani ya pipa.

Hoja ya pili ni rangi, nayo ni dhaifu zaidi. Weusi hutoka katika nafaka iliyokaangwa. Tangu Daniel Wheeler alipopata hataza ya chombo chake cha kukaangia kimea mwaka 1817, kimea cheusi kidogo chatosha kutia giza pipa zima. Guinness ya pipa ni nyeusi, na kileo chake ni asilimia 4 na ushei; Westmalle Tripel ya Ubelgiji yang'aa kama dhahabu, na ina asilimia 9.5. Jicho na lishuhudie rangi, lisihukumu nguvu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito: kwamba nguvu huleta utajiri wa ladha. Bia kali hutaka kimea kingi, na kimea kingi huweza kuacha utamu na unene kinywani. Huweza, wala si lazima. Kileo kisichotulia huchoma koo na kunuka kama spiriti; nafaka iliyoungua mno huacha uchungu wa majivu na ukakasi wa bibo. Lugha yetu inajua kutenga utamu na uchungu, uchachu na ukakasi. Lakini neno "kali" twalitumia kwa kisu, kwa jua, kwa mbwa na kwa pombe. Neno lenye kazi nyingi hivyo haliwezi kuwa hukumu.

Mwonjaji wa haki haanzi kwa baridi ya barafu, maana baridi hufisha harufu. Huiacha bia ipate joto la karibu nyuzi 12 za Selsiasi, hunusa, hunywa funda dogo, kisha hungoja baada ya kumeza. Hujiuliza: kahawa, chokoleti na zabibu kavu zapatana, au zagombana? Chama cha waamuzi wa bia kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985 hugawa alama 50 hivi: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na jumla ya mambo yote 10. Nguvu ya kileo haina fungu lake.

Ubishi huu si mchezo. Mpishi hupika kinachosifiwa. Mwonjaji akisifu nguvu, mpishi ataongeza nguvu, na bia ya kiasi iliyopikwa kwa ustadi itakosa mnunuzi. Naye mnywaji atalipa kwa mfuko na kwa mwili, maana chupa moja ya asilimia 12 ina kileo sawa na chupa tatu za kipimo hichohicho zenye asilimia 4.

Basi mwonjaji na afunike kibandiko cha chupa, aandike hukumu yake, ndipo aulize asilimia. Akiona haya kufanya hivyo, ajue kwamba hakuwa akionja, alikuwa akisoma.